Najisi Huoshwa, Mja Hadharauliwi: Dhana Zisizo Sahihi Juu ya Wanaoishi na Mfuko wa Tumboni

Bismillahir Rahmanir Rahim

Sifa njema zote zinamstahikia Mwenyezi Mungu, Aliyemuumba mwanaadamu na kumtukuza. Na sala na salamu zimfikie Mtume Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na Masahaba zake, na kila aliyewafuata kwa wema mpaka Siku ya Malipo. Ama baada ya hayo:

Mji wa Laurel uko katika jimbo la Maryland, Marekani, baina ya Washington na Baltimore. Katika mji huo na vitongoji vyake wanaishi Waislamu wa asili mbali mbali, na miongoni mwao wamo watu wa Afrika Mashariki. Ichukuliwe, kwa njia ya mfano tu, hali ya mzee aliyezaliwa Unguja, akafanya kazi Maskati miaka mingi, kisha akahamia huko kwa mwanawe. Akapatwa na maradhi ya utumbo mpana, akapasuliwa, na madaktari wakamfungulia njia mpya ya choo tumboni, na juu yake wakaweka mfuko. Jeraha likapona na nguvu zikarejea. Ijumaa ilipofika, mwanawe akamwambia: "Baba, gari tayari, twende tukasali." Mzee akajibu bila ya kunyanyua uso: "Nendeni nyinyi, mwanangu. Mimi sasa ni mtu wa najisi. Nyumba ya Mungu nitaiingiaje?" Ijumaa ya pili akajibu vivyo hivyo. Ijumaa ya tatu mwanawe hakumwita tena.

Hapa kuna watu wawili, na kila mmoja ana hukumu aliyoipitisha. Mzee kajihukumu kwa ulimi wake, na mwana kamhukumu kwa kunyamaza kwake. Suala linalohitaji jawabu ni hili: je, mtu hupungukiwa na heshima yake, mbele ya Mola wake na mbele ya watu, kwa sababu ya kitu kinachomtoka mwilini bila ya hiari yake?

UPASUAJI WENYEWE NI NINI

Jambo halihukumiwi kabla ya kujulikana. Utumbo ukiharibika kwa saratani, au kwa uvimbe wa muda mrefu usiosikia dawa, au kwa jeraha la ajali au la risasi, au mtoto akizaliwa bila ya tundu la nyuma, daktari huweza kuutoa mwisho wa utumbo ulio mzima kupitia ukuta wa tumbo. Huonekana nje kama kitufe chekundu chenye unyevu, mfano wa upande wa ndani wa mdomo wa mtu. Kitufe hicho huitwa stoma, neno la Kiyunani lenye maana ya mdomo. Ukitolewa utumbo mpana, upasuaji huitwa kolostomia. Ukitolewa utumbo mwembamba, huitwa ileostomia. Na ikiwa ni njia ya mkojo, huitwa urostomia. Juu ya kitufe hubandikwa mfuko wa kupokea kinachotoka. Stoma haina hisia ya maumivu ikiguswa, wala haina msuli wa kuzuia, kwa hiyo kinachotoka hutoka bila ya mwenyewe kutaka. Kwa baadhi ya watu njia hiyo ni ya muda, kisha utumbo huungwa tena. Kwa wengine ni ya maisha.

Jambo hili si geni katika ulimwengu. Mwaka 1793, katika mji wa Brest, Ufaransa, daktari aliyeitwa Duret alimfungulia njia ya namna hii mtoto mchanga aliyezaliwa bila ya tundu, na mtoto huyo akaishi mpaka akafikia umri wa miaka 45. Wala si jambo la watu wachache. Katika Marekani peke yake inakadiriwa kuwa wanaoishi na hali hii ni baina ya 725,000 na milioni moja. Basi mtu anaposimama katika safu ya sala huko Laurel, au Maskati, au Dubai, huenda aliye ubavuni pake anao mfuko chini ya kanzu yake, naye hajui.

KWA NINI HUYU AONE HAYA NA YULE ASIONE

Mwili wa mwanaadamu hupatwa na upungufu wa kila namna, na watu hawaoni haya kwa kila upungufu. Imamu Nuruddin Es-Salimi, aliyefariki mwaka 1914, alipoteza macho yake tangu utotoni. Hayo hayakumzuia kuwa bahari ya elimu ambayo Oman nzima ilichota kwake, wala hayakumzuia kuwa mbele katika kuurejesha Uimamu mwaka 1913. Hakuna aliyesema kuwa upofu umempunguzia cheo chake, wala hakuna aliyemwambia akae nyumbani.

Jicho ni amana, na utumbo ni amana. Aliyechukuliwa hiki na aliyechukuliwa kile wote wamechukuliwa na Mwenye mali. Basi kwa nini kipofu huongozwa kwa heshima mpaka safu ya mbele, na mwenye mfuko hujificha chumbani? Sababu haimo katika upungufu wenyewe. Sababu ni kuwa kinachotoka katika mfuko ni choo, na choo ni najisi, na watu wameihamisha hukumu ya kitu wakaitia juu ya mtu. Hapo ndipo lilipo kosa, na dhana zifuatazo zote zimeota juu ya shina hilo moja.

DHANA YA KWANZA: KUWA YEYE MWENYEWE NI NAJISI

Imepokewa kuwa Abu Huraira alikutana na Mtume (s.a.w.) katika njia za Madina naye ana janaba, akajitenga kwa siri, akaenda kukoga. Aliporudi na kuulizwa alikuwa wapi, akaeleza kuwa amechukia kukaa naye hali ya kuwa hana twahara. Mtume (s.a.w.) akastaajabishwa na jambo hilo, akamfahamisha kuwa Muumini hawi najisi. Abu Huraira alifanya kama anavyofanya mzee wa Laurel: alijihukumu mwenyewe akajiondoa, na akarejeshwa kwa upole.

Kisha na izingatiwe kuwa kila mtu, mgonjwa na mzima, huingia msikitini akiwa na kitu hicho hicho tumboni mwake. Imamu anacho na maamuma anacho. Wanavyuoni hawakusema kuwa sala inaharibika kwa kilichomo matumboni, kwa sababu hukumu haifuati kilicho ndani ya mwili. Tofauti baina ya mzima na mwenye mfuko ni mahali kinapotokea na uwezo wa kukizuia. Wala haifai kusema kuwa kilichomo mfukoni si najisi, kwani kusema hivyo ni kuipotoa hukumu kwa ajili ya kumliwaza mtu. Kilichomo mfukoni ni najisi. Lakini mwenyewe hakukileta kwa hiari yake wala hana njia ya kukizuia, na Sheria haimkalifishi mja lililo nje ya uwezo wake.

Fatima bint Abi Hubaish alimlalamikia Mtume (s.a.w.) kuwa damu haimkatiki, akauliza kama aache kusali. Hakuamrishwa kuacha. Alifahamishwa kuwa hiyo ni damu ya mshipa na si hedhi, na kuwa zikipita siku zake za hedhi ajioshe damu na asali. Juu ya msingi huo wanavyuoni wamejenga hukumu ya kila mwenye udhuru wa kudumu, kama vile mwenye mkojo usiozuilika, na mwenye mfuko amelinganishwa naye. Aumwage mfuko, asafishe anachoweza kusafisha, atawadhe baada ya kuingia wakati, na asali. Kikitoka kitu ndani ya sala pasina hiari yake, aendelee na sala yake. Na katika upambanuzi wa mambo, kama vile kukusanya sala mbili, amuulize mwanachuoni anayemwamini, kwani hali za watu hazilingani.

DHANA YA PILI: KUWA HAIMPASI KUINGIA MSIKITINI

Mwenye kushikilia dhana hii huweza kuleta hoja isiyofaa kupuuzwa. Atasema: aliyekula kitunguu thomu kibichi amekatazwa kuukaribia msikiti kwa sababu harufu yake inawaudhi watu, basi vipi huyu? Na ni kweli kuwa wenye kusali wana haki yao, na msikiti una haki yake.

Jawabu ni kuwa aliyekula kitunguu amekula kwa hiari yake, na harufu yake hawezi kuifunga, bali huenda nayo kila aendako. Ama mfuko wa leo umetengenezwa kwa plastiki isiyopitisha harufu, na mingi ina kichujio cha mkaa kinachosafisha hewa inayotoka. Maadamu umebandikwa sawasawa na haukufunguliwa, aliye karibu hasikii kitu. Harufu ikisikika, hiyo ni alama kuwa pamevuja, na mwenyewe huondoka akabadilisha, kama anavyoondoka mtu yeyote aliyetengukwa na udhu. Na siku ambayo tumbo limechafuka na mfuko haushikani, ana udhuru wa kusali nyumbani. Lakini hiyo ni hukumu ya siku ile, si hukumu ya mtu yule. Kumfungia mlango mwaka mzima kwa khofu ya jambo linaloweza kutokea siku moja ni kumdhulumu.

Na kisa cha bedui aliyekojoa ndani ya msikiti wa Mtume (s.a.w.) kinajulikana. Watu walitaka kumwinukia, wakazuiliwa mpaka alipomaliza, kisha ikaamrishwa ndoo ya maji ikamwagwa mahali pale. Ardhi ilioshwa, na mtu akafundishwa kwa upole. Ikiwa hayo ndiyo aliyotendewa aliyefanya kwa hiari na kwa ujinga, basi aliyefikwa na maradhi anastahiki upole zaidi ya huo.

DHANA YA TATU: KUWA MAISHA YAKE YAMEKWISHA

Hudhaniwa kuwa mwenye mfuko hawezi tena kufanya kazi, kusafiri, kuoa wala kuolewa. Mambo hayako hivyo. Akishapona jeraha hurejea kazini, isipokuwa kazi za kunyanyua vitu vizito ambazo humpasa kuchukua tahadhari. Hukoga akiwa na mfuko au bila ya mfuko, kwani maji hayaidhuru stoma. Hupanda ndege, na huweza kwenda Hija na Umra akibeba vifaa vya kumtosha. Wako wanawake walioshika mimba na kuzaa wakiwa na mfuko. Nchini Marekani, mchezaji mashuhuri wa mpira wa Kimarekani, Rolf Benirschke, aliugua sana mwaka 1979, akapasuliwa na kuwekewa mfuko, na mwaka 1980 akarudi uwanjani akacheza.

Saumu ina maelezo yake. Kinachotoka tumboni hakihesabiwi kula wala kunywa. Mwenye kolostomia, ikiwa afya yake nyengine ni njema, kwa kawaida huweza kufunga. Ama mwenye ileostomia hupoteza maji na chumvi kwa wingi, kwa sababu kazi ya kuyafyonza maji ni ya utumbo mpana, nao umeshapitwa; na katika joto la Ghuba khatari huzidi. Huyu asifunge kabla ya kumuuliza daktari muaminifu. Akikatazwa, kula kwake ni kufuata ruhusa ya Mola wake, na asione kuwa dini yake imepungua.

Ndoa ndiyo inayoumiza zaidi, kwa sababu haisemwi. Mume huhama chumba, au mke hujifunika asionekane hata na mumewe, na kila mmoja hudhani mwenziwe amemchukia. Mume na mke ni vazi kwa kila mmoja wao, na kazi ya vazi ni kusitiri. Neno moja la wazi baina yao huondoa lisiloondolewa na miaka ya kunyamaza.

DHANA YA NNE: KUWA NI ADHABU, NA KUWA KUFA NI BORA

Wapo wanaonong'ona kuwa aliyepatwa na jambo kama hili lazima pana alilolifanya. Kusema hivyo ni kudai elimu ya ghaibu. Mtoto mchanga anayezaliwa bila ya tundu la nyuma amefanya dhambi gani? Nabii Ayyub (a.s.) alipatwa na maradhi akasubiri, akasifiwa kwa subira yake, wala hakuaibishwa kwa maradhi yake.

Na wapo wagonjwa wanaoukataa upasuaji wakisema kuwa ni bora kufa na heshima kuliko kuishi na mfuko. Maneno haya yana sura ya ujasiri, lakini ndani yake mna kosa la kudhani kuwa heshima ya mtu imo katika njia anayopitia choo chake. Kuihifadhi nafsi ni katika makusudio makubwa ya Sheria. Anayeacha tiba inayotarajiwa kumwokoa, kwa kuogopa macho ya watu tu, ameyapa macho ya watu haki isiyokuwa yao.

TUKIO LILILOPITA LAUREL

Katika mji huo huo wa Laurel kulipita tukio ambalo mwenye kuzingatia atapata ndani yake mazingatio. Tarehe 15 Mei 1972, George Wallace, gavana wa jimbo la Alabama, alikuwa akifanya kampeni ya urais katika eneo la maduka la mji huo. Akapigwa risasi, nyengine zikaingia tumboni, na moja ikakaa katika uti wa mgongo. Akapasuliwa katika hospitali iliyoko Silver Spring, akanusurika, lakini miguu yake ilipooza mpaka alipofariki mwaka 1998.

Mtu huyu, mwaka 1963, akiwa mzima wa viungo vyake vyote, alisimama katika mlango wa chuo kikuu cha jimbo lake ili kuwazuia wanafunzi weusi wasiingie. Kila jicho lililomtazama liliona mwili usio na kasoro. Baadae, akiwa katika kiti cha magurudumu, aliingia katika nyumba ya ibada ya watu weusi akaomba msamaha kwa aliyowatendea, na mwaka 1982 alipochaguliwa tena kuwa gavana, wengi miongoni mwao walimpigia kura.

Hapasemwi hapa kuwa risasi ilikuwa adhabu yake, kwani hayo yameshakatazwa kusemwa juu ya mgonjwa yeyote. Na ukweli wa toba yake anaujua Mwenyezi Mungu. Kinachosemwa ni kuwa siku alipokuwa mzima wa mwili alibeba uchafu mkubwa wa kudharau viumbe, na hakuna aliyeuona kwa jicho. Na siku mwili ulipovunjika ndipo alipotaka kujisafisha. Basi uchafu unaomshusha mja cheo ni kiburi, dhulma na dharau, na huo haubebwi katika mfuko. Mwenye mfuko huumwaga mara kadhaa kwa siku akanawa akawa safi. Mwenye kumdharau ndiye anayelala na kuamka na uchafu wake.

WAJIBU WA JAMAA

Mwaka 1954, nchini Denmark, muuguzi mmoja, Elise Sørensen, alikuwa na ndugu yake wa kike, Thora, aliyefanyiwa upasuaji huu. Thora aliogopa kutoka mbele ya watu, asije akavujwa. Elise hakumwambia akae ndani, wala hakunyamaza. Alifikiri mpaka akabuni mfuko mwepesi wenye gundi unaobandikwa juu ya ngozi na kutupwa baada ya kutumika, na kwa kazi hiyo mamilioni ya watu wamefarijika baada ya ndugu yake. Huyo hakuwa Muislamu, lakini alilolifanya kwa nduguye ndilo Muislamu aliloamrishwa kwa nduguye.

Haki za mgonjwa juu ya jamaa zake ni nyepesi kuzitaja. Siri yake isitangazwe, kwani halazimiki kumweleza mtu. Asikunjiwe uso mfuko unapobadilishwa. Asitengewe chombo wala kitanda. Watoto wafundishwe kuwa babu ana mfuko kama bibi alivyo na miwani. Na aliyeko mjini penye wauguzi wenye ujuzi wa kazi hii apelekwe kwao, kwani ngozi iliyochubuka na mfuko unaovuja mara nyingi huwa na dawa.

Na familia za Ghuba zina jukumu jengine. Katika sehemu nyingi za Afrika Mashariki mifuko hii ni adimu au ni ghali, na wazazi wa watoto waliopasuliwa hufunga vitambaa au mifuko ya kawaida ya plastiki, ngozi ikaungua na mtoto akakosa skuli. Anayesafiri kwenda Unguja, Pemba, Mombasa au Tanga hubeba zawadi za nguo na manukato. Akiulizia kwanza hospitali mifuko ya namna gani inahitajika, kisha akaibeba pamoja na zawadi zake, sadaka hiyo itamtoa mtu ndani ya nyumba na kumrejesha kwa watu.

KHATIMA

Jawabu la suala lililotangulia ni kuwa heshima ya mja haipunguzwi na kinachomtoka bila ya hiari yake. Hupunguzwa na anachokitenda kwa hiari yake. Najisi ina hukumu, na hukumu yake ni maji. Na yanaposhindikana maji ipo ruhusa. Mtu hana hukumu ya kutupwa.

Yule mzee wa Laurel hakuhitaji fatwa ndefu. Alihitaji mwanawe arudi mlangoni Ijumaa ya tatu, na ya nne, akamwambie: "Baba, maji ya udhu tayari, na nguo nyengine nimekuwekea garini. Twende." Na lau mzee angekataa tena, basi mwana akae naye wasali pamoja, ili ajue kuwa aliyeachwa na safu hakuachwa na watu wake.

Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wa Waislamu, awape subira na malipo, na awalainishe nyoyo walio karibu nao. Na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi.